Nani Alipe Mtaro wa Ukonga?

Ukinunua umeme wa LUKU Ukonga, ununuzi wa kwanza wa mwezi huja pungufu. Shilingi 1,500 zimeshakatwa kabla taa haijawaka. Ni kodi ya jengo, Sh 18,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida, na hukatwa kwenye mita. Mita haijui kama nyumba ina hati au ina karatasi ya mjumbe tu. Haijui kama anayenunua tokeni ni mwenye nyumba au mpangaji wa chumba cha uani.

Sasa toka nje ya nyumba hiyo asubuhi baada ya mvua ya masika. Njia ya mtaa imekatwa na korongo jipya. Majirani wamekwishatoka na viroba vya mchanga, vipande vya tofali na matairi chakavu. Mmoja anashika koleo, mwingine anaelekeza maji yasiingie kwa mama mjane wa nyumba ya chini. Bodaboda wanasubiri upande wa pili. Kazi hiyo hailipwi na mtu, na mvua ikirudi itaanza upya.

Kati ya makato yale na korongo hili kuna historia ya miaka zaidi ya mia moja. Ni historia ya fedha: nani alitoa fedha za kutengeneza mitaa ya watu wa chini Dar es Salaam, kwa masharti gani, na kwa nini mtaro uliojengwa mtaa mmoja haukuwahi kuzaa mtaro wa mtaa wa pili.

Mji uliogawanywa, 1891–1961

Wajerumani walipoifanya Dar es Salaam makao makuu ya utawala wao mwaka 1891, waliugawa mji kwa aina ya nyumba. Nyumba za mawe za mtindo wa Kizungu zilipewa eneo lao, na nyumba za miti na udongo zikasukumwa pembeni. Waingereza wakaurithi mgawanyo huo na kuukaza: Uzunguni, Uhindini, na sehemu za Waafrika kuanzia Kariakoo, baadaye Ilala, kisha Magomeni, Temeke na Kinondoni. Huduma zilifuata rangi ya mkazi. Lami, taa na mabomba vilianzia ufukweni, na vilipofika kwa Mwafrika, kama vilifika, vilikuwa vimepungua nguvu.

Ukonga haikuhesabiwa kuwa mji. Ilikuwa shamba, njiani kuelekea Pugu: minazi, mikorosho, mihogo, na gereza. Uwanja wa ndege ulipohamia upande wa Kipawa mwaka 1954 ulivuta barabara na vibarua, lakini haukuleta mpango wa makazi. Mwalimu Julius Nyerere, aliyefundisha Pugu hadi 1955, aliijua njia hii vizuri. Barabara ya Pugu leo ina jina lake.

Vunja ujenge, 1962–1971

Serikali ya Uhuru iliingia na ahadi kubwa. Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa mwaka 1962, na moja ya kazi zake za kwanza ilikuwa kuondoa vibanda vya udongo na makuti na kuweka nyumba za tofali na bati. Magomeni ikawa mfano. Nia ilikuwa njema, na naamini waliofanya kazi hiyo waliifanya kwa moyo. Hesabu ndiyo iliyokataa. Kila nyumba mpya ilijengwa mahali palipovunjwa nyumba, hivyo fedha ilitoka nyingi na idadi ya vyumba haikuongezeka kwa kasi ya watu. Sensa ya 1967 ilikuta Dar es Salaam ina watu wapatao 273,000. Ile ya 1978 ikakuta 843,000. Hakuna hazina ya nchi changa ambayo ingeweza kuvunja na kujenga kwa mwendo huo.

Ardhi nayo ilibadilika. Umiliki wa kudumu ulifutwa mwaka 1963 na ardhi ikawa ya umma. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya Sh 100,000, yakawa chini ya Msajili wa Majumba. Serikali ikawa mwenye nyumba mkubwa katikati ya mji. Pembezoni, maskini alikuwa anajijengea mwenyewe, bila mkopo na bila kuuliza.

Mkopo wa 1974

Badiliko kubwa lilikuja mwaka 1972. Serikali ilikubali kwamba nyumba za uswahilini si uchafu wa kufagiwa. Zilikuwa akiba ya watu. Badala ya kuvunja, serikali ingepima viwanja na kuvipa huduma za msingi ili mwananchi ajenge mwenyewe. Na pale watu walipokwishajenga bila mpango, ingeingiza barabara, maji, mitaro, shule na zahanati bila kuwahamisha, isipokuwa wachache waliokuwa kwenye njia. Benki ya Nyumba ikaundwa ili kukopesha. Benki ya Dunia ikatoa mkopo, na mradi ukaanza mwaka 1974, ukafuatiwa na awamu ya pili kuanzia 1977.

Sinza, Kijitonyama na Mikocheni ni matunda ya viwanja vile. Manzese, na baadaye Mtoni na Tandika, ni baadhi ya mitaa iliyoboreshwa ikiwa na watu wake ndani. Anayepita Sinza leo ataona kilichofanywa: njia zimenyooka, gari la maji taka linaingia, mtu akitaka kuongeza ghorofa anajua mpaka wake. Wachumi waliorudi kuyachunguza maeneo hayo miaka arobaini baadaye walikuta nyumba za viwanja vilivyopimwa mapema ni bora kuliko za maeneo yaliyoboreshwa baada ya watu kujazana. Barabara iliyochorwa kabla ya nyumba ni rahisi mno kuliko ile inayopitishwa kwa kubomoa ukuta wa mtu.

Lakini mradi ulikuwa na nyufa mbili. Kwanza, viwanja vilivyokusudiwa kipato cha chini vingi viliishia kwa watumishi na wenye nafasi, kwa sababu wao ndio waliomudu masharti ya ujenzi. Pili, na hili ndilo lililoua uendelevu, fedha haikurudi. Mkazi alitakiwa kulipa kodi ya ardhi na gharama za huduma ili fedha hiyo ipime viwanja vingine. Makusanyo yalikuwa duni, kumbukumbu mbovu, na mamlaka za miji zenyewe zilikuwa zimevunjwa katika ile sera ya madaraka mikoani. Zilirudishwa mwaka 1978 zikiwa hazina watu wala vitabu. Uchumi ulipoyumba, mafuta yakapanda na vita vya Kagera vikamaliza kilichobaki. Mkopo wa tatu haukuja. Benki ya Nyumba ilififia na kufungwa mwaka 1995.

Nauona mwaka ule wa 1974 kuwa ndio mlango uliofunguka nusu. Sera ilikuwa sahihi. Mfuko ndio uliotoboka.

Karatasi ya mjumbe

Wakati Sinza ikipimwa, Ukonga ilikuwa ikijaa yenyewe. Viwanda vilipanga mstari Barabara ya Pugu, reli ya TAZARA ilianza kazi katikati ya miaka ya 1970, na kibarua wa kiwandani alitafuta mahali pa kulala ambapo nauli haitamaliza mshahara. Wenye mashamba wa asili waliuza kipande baada ya kipande. Mwaka huu mkorosho, mwaka ujao msingi wa nyumba, mwaka wa tatu pagala lenye mlango wa bati.

Mwenye nyumba wa zamani akikufungulia mfuko wa plastiki anaohifadhia nyaraka, utaiona hati iliyojenga mji huu. Ni karatasi ya daftari yenye mistari. Imeandikwa kwa kalamu ya wino wa buluu: mimi fulani nimemuuzia fulani kipande cha shamba, hatua kadhaa kwa hatua kadhaa, mashariki kimepakana na mnazi wa fulani, magharibi na njia ya maji. Chini kuna majina ya mashahidi wa pande mbili, dole gumba la bibi asiyejua kuandika, na sahihi ya mjumbe wa nyumba kumi. Baadaye ukaja muhuri wa Serikali ya Mtaa.

Karatasi ile ilikuwa na haki ndani yake. Majirani waliitambua, na ugomvi mwingi uliishia pale barazani kwa mjumbe. Ila haikuchora barabara. Muuzaji aliyegawa shamba lake hakuwa na sababu ya kuacha futi ishirini za njia, kwa maana hakuna aliyemlipa kwa futi hizo. Ile "njia ya maji" iliyotajwa kama mpaka ikanunuliwa nayo, ikajengwa, na maji yakatafuta kwingine. Korongo la leo lina mzizi wake hapo.

Serikali nayo ilikuja Ukonga kwa mahitaji yake. Wakazi wa Kipawa na jirani zake walifanyiwa tathmini mwaka 1997 kupisha upanuzi wa uwanja wa ndege, na fidia ilikuja baada ya zaidi ya muongo mmoja. Mtu aliyeambiwa asiendeleze nyumba hapaki rangi, haezeki upya, hawekezi. Mtaa mzima ulichakaa ukisubiri hundi.

Mtaa unachangia, 1991–2012

Jibu jipya lilitoka Hanna Nassif, Kinondoni, bondeni karibu na mto Msimbazi. Mafuriko yalikuwa yakiingia ndani ya nyumba hadi kwenye vitanda. Kuanzia 1991 wakazi waliunda umoja wao na, kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani, wafadhili wengine na wataalamu wa chuo cha ardhi, wakachimba mitaro na kujenga njia kwa mikono yao. Walichangia fedha na nguvu. Waliochimba walilipwa ujira, na wanawake walikuwa miongoni mwao. Waliopata ufundi pale wakaupeleka kwenye kazi nyingine.

Wazo hilo likakuzwa. Jiji lilipogawanywa kuwa manispaa tatu mwaka 2000, Ilala, Kinondoni na Temeke, mpango wa kuboresha miundombinu ya jamii ulikopa tena Benki ya Dunia na kuanzia mwaka 2005 ukagusa makazi 31, yakiwamo ya Buguruni, Vingunguti, Manzese na Keko. Sharti lilikuwa wakazi wachangie sehemu ndogo ya gharama na wachague wenyewe nini kitangulie: njia, mtaro, taa au choo cha shule.

Huo ndio wakati mkazi wa uswahilini Dar es Salaam alikaribia kupiga kura juu ya fedha ya mtaa wake. Haikuwa kura ya sandukuni. Ilikuwa mkutano wa mtaa, chini ya mwembe au kwenye darasa la shule ya msingi, watu wakinyoosha mikono. Mikono ile ilikuwa na maana kubwa. Ila haikuamua mkopo wala riba, wala haikuamua nani atausafisha mtaro ukishajaa mchanga na mifuko. Mkandarasi akimaliza na wafadhili wakiondoka, mtaro hubaki bila bajeti. Nimepita mitaro ya zege iliyojengwa vizuri kabisa ambayo leo imejaa udongo hadi ukingoni, majani yameota juu yake, na maji ya mvua yanapita barabarani kama zamani.

Kupima na kurasimisha

Mwaka 2002 serikali ilijaribu njia ya kujitegemea. Kwa mkopo wa karibu Sh bilioni 9 kutoka Hazina, Wizara ya Ardhi ilianza mradi wa viwanja 20,000 pembezoni mwa jiji, ikiwamo Buyuni upande wa Ilala. Viwanja viliuzwa na mkopo ukarudi. Kwa mara ya kwanza fedha ilizunguka. Tatizo ni kwamba bei iliyorudisha mkopo ilimwacha nje mkazi wa Ukonga mwenye kipato kidogo, naye akaendelea kununua kwa karatasi ya mjumbe huko Majohe, Kivule na Msongola.

Sheria ya Ardhi ya 1999 ilikuwa imeitambua haki ya aliyejenga bila kupimiwa. Kuanzia 2004 wakapewa leseni za makazi, kwanza za miaka miwili, kisha mitano. Wengi walizichukua, wengi zaidi hawakurudi kuzihuisha, kwa kuwa hawakuona zimewabadilishia nini. Likafuata zoezi la urasimishaji, ambapo wananchi walichangishwa kulipa kampuni binafsi za upimaji. Waziri William Lukuvi aliweka ukomo wa Sh 150,000 kwa kiwanja. Ziko kampuni zilizomaliza kazi. Ziko pia zilizopokea fedha na kuacha mawe ya mpaka yamefukiwa ardhini bila hati kutoka, na wananchi wamebaki na risiti. Mbunge wa Ukonga wakati huo, Jerry Silaa, alipokuwa Waziri wa Ardhi kati ya Agosti 2023 na Julai 2024, alifungua kliniki za ardhi, na foleni zake zilionyesha ni malalamiko mangapi yalikuwa yamelala majumbani.

Kwingine walipiga kura

Hapa, kwa swali la nani alipe, inafaa kutazama mbali kidogo, California. Mwaka 1945 jimbo hilo la Marekani liliruhusu miji yake kuunda mamlaka za kuendeleza upya mitaa iliyochakaa. Mwaka 1952 wapigakura wa jimbo zima waliulizwa kuhusu namna ya kuzigharamia, katika Pendekezo la 18, nao wakakubali.

Utaratibu ulikuwa huu. Mamlaka huchora mpaka kuzunguka mtaa na kuandika kodi ya majengo inayopatikana siku hiyo. Kisha hukopa, hujenga barabara na mabomba. Mtaa ukipendeza, thamani ya majengo hupanda na kodi hupanda nayo. Lile ongezeko halichanganywi na mapato mengine. Linatengwa kulipa mkopo ule. Kwa maneno mengine, mtaro unajilipia kwa thamani uliyoiongeza.

Ni wazo zuri, na lilitumiwa vibaya. Huko Bunker Hill, Los Angeles, na Fillmore, San Francisco, mitaa ya wenye kipato kidogo, na kwa Fillmore hasa ya Wamarekani weusi, ilivunjwa kwa jina la uchakavu, na wengi hawakurudi tena. Miji ikazoea kuita chakavu hata eneo lisilochakaa, ili ipate kutenga kodi, na shule na huduma nyingine zikalalamika kunyimwa mgao. Gavana Jerry Brown alipokabiliwa na upungufu wa bajeti mwaka 2011 alizifuta mamlaka hizo, zaidi ya 400, na tarehe 1 Februari 2012 zikakoma.

Kura ya 1952 haikumwokoa mkazi wa Fillmore, kwa sababu aliyepiga ni jimbo zima na aliyevunjiwa ni mtaa mmoja.

Kota, mwendokasi na mita, 2011 hadi sasa

Nasi tuna somo letu la karibu. Wakazi wa Magomeni Kota, kaya 644, waliondolewa mwanzoni mwa muongo uliopita ili nyumba zijengwe upya. Nyumba zilivunjwa, ujenzi ukakwama, uwanja ukaota majani kwa miaka. Rais John Magufuli aliagiza zijengwe kwa fedha ya serikali, na Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizizindua. Kaya zilizosajiliwa zilirudi. Ni jambo la kusifiwa, na pia ni ukumbusho kwamba ilihitajika amri ya Rais ili ahadi ya manispaa itimie. Kigamboni, mji mpya uliotangazwa mwaka 2008 uliwazuia wenye nyumba kuendeleza kwa miaka kadhaa, kisha ukaachwa.

Kwa Ukonga na jirani zake, fedha kubwa ilikuja na mradi wa kuendeleza jiji, DMDP, ulioidhinishwa mwaka 2015 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 300. Njia za lami na mitaro zilifika Kiwalani na Gongo la Mboto, na awamu ya pili imefuata. Barabara ya Nyerere nayo ilipangiwa mwendokasi hadi Gongo la Mboto, zaidi ya kilomita 20, kwa mkopo mwingine. Madalali hawakusubiri basi la kwanza. Bei za viwanja zilianza kutajwa kwa umbali kutoka kituoni.

Tazama sasa kodi ya majengo. Mwaka 2016 ilitolewa kwa manispaa ikapelekwa TRA. Mwaka 2018 ikawa ya kiwango kimoja, Sh 10,000 kwa nyumba ya kawaida. Mwaka 2021 ikahamia kwenye LUKU kwa Sh 1,000 kwa mwezi, na 2023 ikawa Sh 1,500. Ni rahisi kukusanya, na hakuna anayehangaika na foleni. Lakini nyumba iliyo kando ya kituo cha mwendokasi na nyumba iliyo juu ya korongo zinakatwa sawa. Thamani inayoletwa na barabara ya mkopo inaingia mfukoni mwa muuza kiwanja, na deni linabaki kwa taifa. Mtaa haujui kiasi gani kimekatwa kwenye mita zake, wala kiasi gani kimerudi. Ufa ule wa 1974, wa fedha isiyorudi, haujazibwa.

Njia nyingine zipo. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga ilikopa Sh bilioni 53.12 kwa hatifungani iliyouzwa kwa umma, na wawekezaji waliinunua yote. Jiji la Dar es Salaam, lenye viwanda, bandari na watu zaidi ya milioni tano, lingeweza kutenga sehemu ya kodi ya majengo ya kila kata kwa ajili ya mitaro ya kata hiyo, na kukopa kwa dhamana yake. Masharti yawe mawili: asiguswe mwenye karatasi ya mjumbe bila fidia kutangulia, na wanaoamua wawe ni wakazi wa mtaa husika.

Katiba yetu, ibara ya 146, inasema madhumuni ya serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Kwa hiyo, ndugu msomaji wa Ukonga, mkutano wa mtaa ukiitishwa, nenda. Mwenyekiti akimaliza kusoma mapato na matumizi, nyoosha mkono uulize: tulikatwa shilingi ngapi kwenye LUKU mwaka jana, na zilizorudi zimechimba mtaro upi? Omba jibu liandikwe kwenye muhtasari.